Baiskeli ya kumfikisha mwalimu kazini

Mwalimu anayeishi kilomita nane kutoka shuleni hutembea kwa saa moja unusu au zaidi kila asubuhi, na jioni vivyo hivyo. Akiwa na baiskeli, safari hiyo humchukua kama nusu saa. Muda anaouokoa ndio muda wa kusahihisha madaftari na kuandaa masomo ya kesho. Kwa sababu hiyo naamini kwamba ununuzi wa baiskeli wastahili kufikiriwa kwa makini zaidi kuliko wengi wetu tunavyoufikiria.

La kushangaza ni kwamba wengi wanapoingia dukani huvutiwa kwanza na rangi. Huiona baiskeli ya milimani yenye gia 18 au 21, springi mbele na tairi nene, wakadhani wingi wa vikorokoro ndio ubora. Springi za bei rahisi huongeza uzito na kumnyonya mwendeshaji nguvu. Tairi zenye meno makubwa hunguruma juu ya lami na kumpunguzia kasi. Aidha, aghalabu baiskeli hiyo haina madigadi, kifuniko cha mnyororo wala keria. Siku ya mvua mwalimu ataingia darasani na mstari wa matope mgongoni, na wanafunzi, kama tujuavyo sote, hawakosi kuona.

Kwa upande mwingine ipo ile baiskeli nyeusi ambayo Wakenya waliibandika jina la Black Mamba. Wapo wanaoidharau kuwa ni ya wachuuzi wa maziwa na wanabodaboda wa zamani wa Busia. Dharau hiyo haina msingi. Magurudumu yake ya inchi 28 hupita juu ya vijishimo bila kumtikisa sana mpandaji, na keria yake hubeba gunia la mahindi, sembuse furushi la madaftari! Zaidi ya hayo, ni nadra kukosa sokoni fundi aketiye chini ya mti, mwenye spoki, tyubu na gololi za baiskeli hiyo. Ikiharibika Jumatatu jioni, Jumanne asubuhi mwalimu yuko darasani.

Hata hivyo, siisifu bila kikomo. Ni nzito, yapata kilo 20, na ina gia moja tu. Tuseme ina meno 44 mbele na 20 nyuma: kila mzunguko wa kanyagio utazungusha gurudumu mara 2.2 na kuisogeza baiskeli karibu meta 5. (Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hilo.) Katika uwanda wa Kano, au kule Malindi, mwendo huo wafaa kabisa. Katika vilima vya Kisii au Murang'a, mpandaji atalazimika kushuka na kusukuma. Tena hatari kubwa haiko katika kupanda bali katika kuteremka, kwani breki zake za fito husugua rimu ya chuma, na rimu hiyo ikilowa maji breki hushika kwa shida mno. Anayeishi milimani na anunue yenye gia, breki za waya na rimu za alumini, hata ikiwa ni ya mtumba, mradi kwanza amuulize fundi wa karibu iwapo vipuri vyake vyapatikana.

Walimu wa kike nao husahauliwa. Fremu yenye bomba la juu haimfai aliyevaa rinda. Iko fremu iliyoinama, na muuzaji asiye nayo asimshawishi mtu kuchukua ya kiume eti atazoea. Awe mwanamume au mwanamke, mnunuzi aikalie baiskeli kabla ya kulipa: kisigino kikiwa juu ya kanyagio lililoshuka chini kabisa, mguu unyooke. Goti linalokunjwa kupita kiasi litaanza kuuma kabla ya muhula kwisha.

Mwisho ni taa. Nchini mwetu giza huingia upesi baada ya jua kutua, na mwalimu aliyebaki kusimamia michezo hurudi nyumbani gizani. Dainamo inayozungushwa na tairi haihitaji betri, ila huzimika baiskeli inaposimama. Kwa hivyo kiakisi chekundu kisikosekane juu ya madigadi ya nyuma, nacho kipanguswe vumbi kila jioni.