Uwiano si idadi, wala si usawa

FUNDI anayechanganya zege katika mtaa wa Migosi, jijini Kisumu, huenda asilitamke neno 'uwiano' kutwa nzima, ilhali kazi yake yote hulitegemea. Kwa kila karai la saruji, hutia makarai mawili ya mchanga na manne ya kokoto. Akihitaji zege maradufu, huzidisha vyote vitatu. Akiongeza mchanga pekee ili saruji isiishe haraka, rundo litakuwa kubwa, lakini nguzo itakuwa dhaifu.

Hapo ndipo ilipo maana ya neno hili. Uwiano si kiasi cha kitu kimoja, bali ni uhusiano wa vipimo baina ya vitu viwili au zaidi. Kimoja kikibadilika, kingine sharti kibadilike kwa kadiri ile ile. Anayesema "makarai manne ya mchanga" ametaja idadi tu. Anayesema "makarai mawili ya mchanga kwa kila moja la saruji" ametaja uwiano.

Kimaumbo, neno hili linatokana na kitenzi 'wia', kile kinachosikika katika usemi 'niwie radhi'. Kitenzi hicho pia humaanisha kudai: mwia ni mdai, naye mwiwa ni mdaiwa. Ni kana kwamba vitu vyenye uwiano vinadaiana. Kimoja hakiwezi kusonga mbele bila kukilipa chenzake. Wahenga nao waliligusa jambo hili waliponena kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.

Kuna mahali ambapo kukosea uwiano huhatarisha maisha. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wanakijua kipindupindu. Katika mlipuko ulioanza 1997 magharibi mwa Kenya, watafiti waliuhusisha ugonjwa huo na kunywa maji ya ziwa hilo. Mgonjwa wa kuhara hupoteza maji na chumvi, na sharti virejeshwe pamoja.

Pakiti za dawa ya kurejesha maji mwilini ndizo bora, nazo huchanganywa na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Zikikosekana, kinywaji cha nyumbani hutengenezwa kwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, katika lita moja ya maji safi. Mzazi mwenye chupa ya nusu lita anapaswa kutia sukari vijiko vitatu na chumvi robo kijiko. Akitia kiasi kile kile cha lita moja, idadi ya vijiko itakuwa sahihi, lakini uwiano umeharibika: sukari ikizidi huongeza kuhara, nayo chumvi ikizidi yaweza kumdhuru mtoto. Kinywaji hicho hakichukui nafasi ya hospitali. Mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa apelekwe mara moja.

Katika siasa, kosa la kawaida ni kuchanganya uwiano na usawa. Chini ya Katiba ya 2010, kila mojawapo ya kaunti 47 huchagua seneta mmoja. Lamu ina mmoja, Kisumu mmoja, na Nairobi mmoja. Huo ni usawa. Maeneobunge 290, kwa upande mwingine, hugawanywa kwa kuzingatia idadi ya watu. Lamu ina mawili, Kisumu saba na Nairobi 17. Hapo kinachotafutwa ni uwiano, ijapokuwa si kamili, kwa kuwa Kifungu cha 89 kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 kwa miji mikuu na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko.

Lakini hata wanaokubaliana kuhusu uwiano waweza kutofautiana. Mnamo 2020, maseneta walivutana kwa miezi kadhaa, hadi Septemba, kuhusu kanuni ya kugawia kaunti fedha. Baadhi walitaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi. Wengine wakasisitiza ukubwa wa ardhi na umaskini. Kila upande ulidai haki, na kila upande ulikuwa na kipimo chake.

Nchini Kenya neno hili limebeba maana nyingine pia. Sheria iliyopitishwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zilizoikumba Kisumu na miji mingine, iliunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Katika jina hilo, uwiano ni kushikamana kwa jamii. Hata hivyo, maana ya awali haikutoweka: sheria iyo hiyo inakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Mshikamano umewekewa kipimo.

Kwa hivyo, kiongozi anaposimama jukwaani na kudai uwiano, msikilizaji ana haki ya kuuliza swali moja: uwiano wa nini kwa nini? Kama ni wa fedha kwa watu, aseme. Kama ni wa fedha kwa ardhi, aseme pia. Fundi wa Migosi hamwambii msaidizi wake alete mchanga "kwa uwiano" kisha akanyamaza. Humwambia ni makarai mangapi, na kwa saruji kiasi gani.