Je, Wajua? Basilika Ilikuwa Soko Kabla ya Kuwa Kanisa

Soko la dhahabu la Geita, lililozinduliwa Machi 2019 na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, limewaweka chini ya paa moja watu ambao zamani walikuwa wakitafutana: mnunuzi na mizani yake, mchimbaji mdogo aliyetoka mwaloni na mzigo wake mfukoni, na ofisa wa madini anayesubiri kukata mrabaha. Mrumi wa kale angeingia humo, asingeona ajabu. Angesema yuko basilika.

Ndiyo, basilika. Mwaka 184 kabla ya Kristo, kiongozi wa Kirumi Cato Mzee alijenga mjini Roma Basilica Porcia, na ndani yake hapakuwa na padri wala altare. Lilikuwa jengo la umma kando ya uwanja mkuu wa mji, lenye ukumbi mrefu na nguzo zilizopangwa safu kwa safu. Humo watu walishtakiana, wakakopeshana, wakabadilishana fedha, na mvua ikinyesha walijibanza humo humo. Jina lilitoka kwa Wagiriki: basileus ni mfalme, kwa hiyo huo ulikuwa ukumbi wa kifalme. Ukoo huo huo wa maneno umetupa jina Basili, ambalo huenda hata jirani yako analo, pamoja na jina la Kizungu la mrihani.

Alama za biashara hiyo bado zipo. Roma ilipovamiwa mwaka 410 baada ya Kristo, Basilica Aemilia iliungua, na sarafu za wabadili fedha zikayeyukia sakafuni. Madoa yake ya kijani yanaonekana kwenye marumaru mpaka leo. Jirani yake, Basilica Julia, ina ngazi zilizochorwa vibao vya michezo. Wasiokuwa na kesi wala mtaji walikaa pale kucheza, na sidhani kama kuna mtu wa Kahama au Katoro anayehitaji kuelezwa kijiwe ni nini.

Kanisa liliingiaje? Mwaka 313 Wakristo waliruhusiwa kuabudu hadharani, wakahitaji mahali pa kukusanyika. Hekalu la kipagani halikuwafaa, maana lilikuwa nyumba ya sanamu na umati ulibaki nje. Basilika ilijengwa kwa ajili ya umati. Kaisari Konstantino akajenga makanisa kwa ramani hiyo, na kule mwisho wa ukumbi, alipokuwa akikaa hakimu, akakaa askofu.

Siku hizi basilika ni cheo ambacho Papa hulipatia kanisa, liwe refu au la mviringo, kubwa au dogo. Basilika kuu ni nne tu, zote Roma. Zilizobaki huitwa basilika ndogo, na alama zake ni mwavuli wa hariri nyekundu na njano uliofunguliwa nusu, kengele, na funguo za Petro. Familia Takatifu ya Nairobi ilipata cheo hicho mwaka 1982, na Namugongo, Uganda, mwaka 1993. Namugongo imejengwa kwa umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, ikizungukwa na nguzo 22 kwa ajili ya mashahidi 22 wa imani. Ukumbi mrefu wa Kirumi hauuoni hata kwa mbali, na bado ni basilika halali.

Kwa maoni yangu, Kanda ya Ziwa ina kanisa linalolisogelea neno hili kwa maana yake ya kwanza kuliko mengi yenye cheo. Ni lile la Bujora, nje kidogo ya Mwanza, la Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Ni la mviringo, la Kisukuma, na alama za utemi zimetumika humo kumheshimu Kristo kama mtemi. Cheo cha basilika halina. Ukumbi wa kifalme, huo linao.

Tusichanganye basilika na kanisa kuu. Kanisa kuu ni lile lenye kiti cha askofu: Ngokolo ni kanisa kuu la Jimbo la Shinyanga, na Geita, iliyofanywa jimbo mwaka 1984, ina lake. Ukitaka kumnyamazisha mbishi kijiweni, muulize kanisa kuu la Papa, askofu wa Roma, ni lipi. Atasema Mtakatifu Petro. Ni basilika ya Laterano.