Kuunganisha Tomati na Bilinganya kwa Kiangazi

Ninyi mnaolima bustani karibu na Likasi na Kolwezi, mnajua ya kuwa toka mwezi wa 5 mpaka wa 9 mvua hainyeshi, na tomati zinanyauka. Lakini watu wa miji ya migodi wanazitaka siku zote.

Mizizi ya bilinganya inavuta maji kupita mizizi ya tomati. Kwa hiyo tunaweka kichwa cha tomati juu ya mguu wa bilinganya.

Fanya hivi. Panda mbegu za bilinganya kwanza, na za tomati siku chache nyuma, kwani bilinganya inakawia. Mashina yakilingana unene, kata bilinganya kwa wembe safi, upasue shina kidogo katikati. Chonga shina la tomati kama kabari, ulitie humo, ufunge kwa uzi laini. Weka miche kivulini, uifunike isikauke, siku 7 hivi. Kisha izoeze jua polepole.

Ukiihamisha, kiungo kikae juu ya udongo. Kikifukiwa, tomati itatoa mizizi yake yenyewe, na kazi yako ni bure. Ondoa machipukizi ya bilinganya.

Angalia sana: usiunganishe na mmea wa pori usioujua. Mimea mingine ya jamaa ya tomati ina sumu, nayo yaweza kupanda mpaka ndani ya matunda.

Mche huu ungali unataka maji. Tandaza majani makavu chini yake, umwagilie jioni. Jaribu kwanza miche 10 kando ya mingine ya kawaida, ujionee mwenyewe.