Upupu Uilishe Ardhi

Hapana mkaazi wa Unguja wala Pemba asiyeujua upupu, na wengi wetu twaujua kwa ubaya wake. Maganda yake yamevikwa vinywele ambavyo, vikigusa ngozi, humwasha mtu hata akakosa raha. Kwa ajili hiyo, kila uonekanapo hufyekwa na kutiwa moto. Lakini mmea huu ni wa jamii ya kunde, na iko namna yake isiyowasha, ambayo wataalamu wa kilimo huiita mukuna. Hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo.

Mashamba yetu ni madogo, watu wanaongezeka, na ardhi haipumzishwi kama ilivyokuwa ikipumzishwa zamani. Mbolea ya chumvichumvi hutoka ng'ambo, na bei yake mkulima mdogo haimudu. Mukuna huitengeneza mbolea papo hapo shambani. Katika vifundo vya mizizi yake huishi bakteria waichukuao nitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mimea. Majani yake mengi huifunika ardhi, yakazuia magugu na kuhifadhi unyevu. Nchini Benin, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima waliutumia mmea huu kupambana na nyasi sugu ambazo jembe lilikuwa limeshindwa nazo.

Kuupanda si kazi kubwa. Katika shamba la mahindi, mbegu mbili hutiwa katika kila shimo, baina ya mistari, mahindi yakishatimiza wiki nne hadi sita, ili usije ukayaparamia na kuyaangusha. Katika shamba lililochoka hupandwa peke yake mwanzoni mwa masika, mashimo yakiachana kiasi cha nusu mita. Ukianza kutoa maua hufyekwa, na majani yakaachwa juu ya ardhi yaoze, yasichomwe moto. Sehemu ndogo ibakizwe ikomaze mbegu za msimu ujao. Usipandwe karibu na miche ya mikarafuu, maana hutambaa na kuikaba. Mabonde yanayotuama maji hayaufai.

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Punje za upupu, wa mwituni na wa kupandwa, zina kemikali iitwayo levodopa, ambayo madaktari huitumia kwa vipimo maalumu kutibu ugonjwa wa Parkinson. Ikiliwa ovyo, hudhuru. Mwaka 1989, katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, wakati wa vita na njaa, watu zaidi ya 200 walirukwa na akili baada ya kula punje hizo. Desturi ya wenyeji ilikuwa kuzichemsha mara nyingi na kuyamwaga maji kila mara. Maji yalipokuwa haba, desturi hiyo haikufuatwa sawasawa.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: upupu uilishe ardhi, usilishe watu. Ng'ombe na mbuzi waweza kupewa majani yake. Kuku wasipewe punje mbichi. Kwa chakula chetu wenyewe tunazo kunde, mbaazi na choroko, ambazo tumezizoea.

Tunawaomba wakuu wa kilimo, pamoja na watafiti wa Kizimbani, waupime mmea huu katika ardhi nene ya magharibi ya Unguja na katika maweni ya mashariki, na huko Pemba pia, kisha wayatangaze matokeo kwa lugha ambayo mkulima ataifahamu. Itakapothibitika kuwa unafaa, mbegu isiyowasha igaiwe kwa kupitia masheha, wala asipewe mtu mbegu pasipo kuambiwa hatari ya kuila. Onyo hilo litolewe sasa, wakati chakula kipo. Mwenye njaa hangoji kuelezwa kilichomo chunguni.