Kipimo Rahisi, Kisima Ghali

Fedha za kisima kirefu huteketea siku ile ile mtambo wa kuchoronga unapoingia kijijini, maji yapatikane au yasipatikane. Katika sehemu kubwa ya Dodoma na Singida kamari hiyo ni kali zaidi, kwa sababu chini kuna granaiti. Maji hukaa katika tabaka la juu la mwamba uliooza na ndani ya nyufa. Ukikosea ufa kwa mita chache, umenunua shimo. Ajabu ni kwamba katika vijiji vingine maji haya hupenda sana uwanja wa mwenyekiti.

Namna ya kupunguza kubahatisha ina zaidi ya miaka 100. Conrad Schlumberger alianza majaribio yake Ufaransa mwaka 1912, na Mmarekani Frank Wenner akaeleza mpangilio wake miaka michache baadaye. Vipande vinne vya nondo hupigwa ardhini kwa mstari, vikiachana kwa nafasi sawa. Viwili vya pembeni hupitisha umeme, viwili vya kati hupima volti, na hapo hukokotolewa ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme. Kadiri unavyovitenganisha, ndivyo umeme unavyopita kina zaidi. Granaiti kavu isiyo na nyufa huwa na ukinzani wa maelfu ya omu-mita. Iliyooza na kulowa hushuka hadi mamia au makumi.

Mashine ya dukani ya kazi hii inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola, ingawa msingi wake ni betri, kifaa cha kupandisha volti na mita mbili. Mwaka 2020 watafiti nchini Ufaransa walichapisha michoro ya OhmPi, kipimo kinachoendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kifaa hicho cha kwanza kilikusudiwa maabara na maeneo madogo, lakini kilithibitisha kuwa fundi mwenye subira anaweza kujiundia. Awe mwangalifu tu: volti mia kadhaa hazijali kwamba mradi ni wa jamii.

Hata hivyo, bei ya kifaa ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni kusoma namba zake: udongo wa mfinyanzi nao una ukinzani mdogo, na maji ya chumvi mdogo zaidi. Teknolojia ghali pia haionji maji: mwaka 2013 serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza hazina kubwa ya maji huko Lotikipi, Turkana, iliyosakwa kwa msaada wa setilaiti; upimaji wa baadaye ukakuta maji yana chumvi mno kiasi cha kutonyweka. Floraidi, inayosumbua Singida na Arusha, haionekani kabisa kwa nondo.

Namba hupata maana inapolinganishwa na visima vilivyokwisha kuchimbwa karibu, hasa vilivyokosa maji. Kwa bahati mbaya shimo kavu halina jiwe la msingi wala mgeni rasmi, hivyo husahaulika upesi. Faida kubwa ya kipimo rahisi ni kwamba kijiji kinaweza kupima juu ya mashimo hayo yote, kikarudia, na kumbishia mtaalamu kwa takwimu. Basi bodi za maji za mabonde, ambazo tayari hutoa vibali vya kuchimba, zidai vipimo vya kila shimo, lenye maji na kavu, na nakala ibaki kijijini. Bila hayo, kifaa cha bei nafuu kitatusaidia kukosea kwa gharama ndogo kabla ya kukosea kwa gharama kubwa.