Jasho la Mvuvi na Karatasi za Tajiri

Ukisimama alfajiri katika mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, utaona magunia ya dagaa yakishushwa kutoka visiwa vya Ukerewe, Kome na kwingineko. Magunia huhesabiwa na kulipiwa ushuru. Lakini kijana aliyewavua dagaa hao, akakesha mtumbwini usiku kucha akiwavuta kwa mwanga wa taa, mara nyingi haandikwi popote, na hata umri wake haujulikani kwa yule amtumiaye.

Jambo hili si dogo. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, na mwezi Januari 1962, uhuru ukiwa haujatimiza miezi miwili, nchi yetu iliridhia mapatano mawili ya Shirika la Kazi la Kimataifa yanayopiga marufuku kazi za kulazimishwa. Tangu hapo zimekuja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na ile ya Kupambana na Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008. Mnyororo umeondoka, siku hizi mtu hufungwa kwa deni.

Tazama jinsi deni hilo lifanyavyo kazi. Wavuvi wa dagaa huvua wakati wa giza. Mwezi ung'aapo hukaa kambini, wakila kwa mkopo katika duka ambalo pengine ni la tajiri mwenyewe. Giza likirudi, mapato huondolewa kwanza mafuta, chakula na fungu la tajiri. Kinachobaki ndicho kigawanywacho. Wavu ukiibwa, au ukipasuliwa na dhoruba, hasara huingizwa katika hesabu ya wavuvi. Daftari analo tajiri peke yake. Kijana aliyeletwa kwa ahadi ya malipo mema hujikuta akidaiwa hata nauli iliyomleta, naye yuko kisiwani, ambako hapana njia ya kutoka ila kwa chombo cha yule yule amdaiye.

Wapo matajiri wajibuo kwamba mvuvi wa mgawo si mwajiriwa, bali ni mshirika. Mshirika gani huyo asiyeruhusiwa kuliona daftari? Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 husema kwamba mtu afanyaye kazi chini ya amri ya mwingine, au apewaye vifaa vya kazi na huyo mwingine, hudhaniwa kuwa ni mwajiriwa. Na mwajiriwa hakatwi fedha kwa hasara isiyo kosa lake. Hata ikiwa ni kosa lake, lazima apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya malipo yake.

Kwa mtoto hapana mjadala. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi, na aliye chini ya 18 hawekwi katika kazi ya hatari. Kukesha ziwani, au kupiga mbizi kuunasua wavu, kama si hatari ni nini? Sheria ya 2008 imefunga mlango mwingine pia: anayemsafirisha mtoto ili amtumikishe hawezi kujitetea kwamba mtoto, au mzazi wake, aliridhia.

Kwa upande wa sangara, neno hili limefika mbali. Minofu yake huuzwa Ulaya. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 huyataka makampuni yenye mapato ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka yatangaze yamefanya nini kuzuia utumwa katika biashara zao. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kukataza bidhaa zilizotokana na kazi za kulazimishwa, nayo imepangwa kuanza kutumika tarehe 14 Desemba, 2027.

Hofu yetu ni hii. Mnunuzi atampa mwenye kiwanda karatasi, mwenye kiwanda atampa wakala, wakala atampa mwenye mtumbwi, ambaye mara nyingi amekopa nyavu na injini kwa wakala huyo huyo na hana sauti katika bei. Wote watatia sahihi kwamba kwao hapana utumwa, na bei ya samaki itabaki ile ile. Huko si kumsaidia mfanyabiashara atii sheria. Ni kumfundisha kusema uongo.

Msaada wa kweli uanzie kwenye bei itakayomwezesha mwenye mtumbwi kulipa watu wake. Kisha ziwepo nakala mbili za daftari, moja mikononi mwa wavuvi. Umri uthibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa au barua ya mtendaji wa kijiji, na kitambulisho kisizuiwe na tajiri kwa kisingizio chochote. Vikundi vya usimamizi wa mialo, viitwavyo BMU, viwe na majina ya mabaharia kama vilivyo na namba za mitumbwi. Na afisa kazi apewe chombo na mafuta (maana kambi haziji mjini kukaguliwa), afike huko siku ya mgawo, fedha zikiwa bado mezani.