Limfoma ya paka: virusi vilipungua, ugonjwa ukahamia tumboni

Kati ya saratani 10 zinazogunduliwa kwa paka, kama 3 ni limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za damu. Hakuna saratani inayoipita kwa wingi katika seli za damu na kinga za mnyama huyu.

Mwaka 1964, huko Glasgow, William Jarrett na wenzake waliweka chini ya hadubini ya elektroni vipande vya tishu za paka waliougua limfoma. Kilichowashtua ni kwamba paka kadhaa walitoka nyumba moja. Wakakuta virusi, vile vinavyoitwa leo virusi vya lukemia ya paka. Enzi hizo paka 7 hivi kati ya 10 wenye limfoma walikuwa navyo. Wengi walikuwa wadogo, miaka 2 au 3, uvimbe umejaa kifuani, paka anahema mdomo wazi. Mwenye virusi hivyo alionekana kuwa na hatari mara 60 hivi zaidi ya mwenzake asiye navyo.

Kipimo cha damu kikaja, na mwaka 1985 chanjo ikaruhusiwa Marekani. Ungedhani limfoma ingeisha. Wapi! Chuo Kikuu cha California, Davis, kilipopitia majalada ya paka 546 wa mwaka 1983 hadi 2003, waliokuwa na virusi walikuwa asilimia 14 hivi tu ya waliopimwa, lakini limfoma yenyewe iliongezeka. Ilikuwa imehamia kwenye utumbo wa paka wazee, wa miaka 10 na zaidi. Moshi wa sigara nao umo: utafiti wa Massachusetts wa mwaka 2002 uliona hatari mara 2.4 kwa paka wanaoishi na wavutaji. Paka hujilamba mchana kutwa, na masizi yaliyotua kwenye manyoya huishia tumboni.

Gharama hutegemea ukubwa wa seli. Ile ya seli kubwa hutibiwa kwa dawa za dripu kwa wiki 25 hivi, na Marekani bili hufika maelfu ya dola. Wengi wanaotibiwa hupata miezi tu. Ya seli ndogo huenda polepole, na kwa vidonge viwili, prednisoloni na klorambusili, nusu ya paka huishi miaka 2 au zaidi. Kigumu ni kuitofautisha na uvimbeuchungu sugu wa utumbo: mara nyingi lazima kikatwe kipande cha utumbo, na kwa maoni yangu bili inayomshinda mwenye paka ni hiyo, kabla hata ya dawa. Wakati huo paka wa kilo 5 ameshakonda hadi 4, amepoteza moja ya tano ya mwili wake.

Klorambusili ya miligramu 2 mara nyingi hutolewa kwa kuruka siku moja: vidonge 15 kwa mwezi, 365 kwa miaka 2. Havikatwi, na anayevitoa huvaa glavu. Paka naye anajua kutema.